Mwanangu hasemi tangu baba yake afariki baharini: nimpeleke Arusha kwenye farasi?

*"Naishi Mikindani. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwezi wa saba mwaka jana dau lao lilipinduka, wenzake wawili wakaokolewa, yeye akaletwa siku ya pili akiwa amefariki. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Siku ya mazishi tulimpeleka kwa shangazi yake, tukamwambia baba amesafiri. Baada ya wiki akaambiwa ukweli na watoto wenzake shuleni. Tangu hapo shuleni hatamki neno. Nyumbani anaongea na dada yake tu, tena kwa kunong'ona. Anakojoa kitandani, na alikuwa ameacha tangu ana miaka minne. Baharini hataki hata kupita, akisikia mawimbi anaziba masikio. Anatulia akiwa shambani kwa bibi yake tu. Huko kuna mbuzi mmoja habanduki kwake, na bibi anasema humsikia akimsemesha. Mwalimu anasema ni ukaidi. Majirani wanasema ni jini la bahari. Shemeji yangu aliyeko Arusha ameona kwenye simu kwamba Ulaya watoto kama hawa wanatibiwa kwa farasi, na anasema huko kwao farasi wapo. Niuze mashine ya boti ya marehemu nimpeleke? Au nisubiri, atasahau mwenyewe?"*

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Na pole kwa miezi hii minane ambayo umekuwa ukimwangalia mtoto anazidi kunyamaza, huku kila anayepita mlangoni anakuja na sababu yake.

Najua mashine ya boti inasubiri uamuzi, kwa hiyo nianze nayo: usiiuze. Tiba ya farasi ipo, na wanaoifanya vizuri ni wataalamu wa kweli. Lakini sehemu kubwa ya kile ambacho farasi angempa mwanao tayari anakipata shambani kwa bibi yake. Na lile linalomuumiza zaidi farasi haliwezi. Katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu mzima amekaa na mtoto huyu akamwambia kwa kinywa chake kwamba baba amekufa. Nitalirudia hilo, ila kwanza nikueleze habari ya farasi, maana umeuliza, na kwenye simu mambo haya huonyeshwa nusunusu.

Kuna kazi mbili tofauti ambazo watu huziita kwa jina moja. Ya kwanza ni ya mwili. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mfano, huketishwa juu ya farasi anayetembea taratibu, na mtikisiko wa ile miondoko hufundisha kiuno na mgongo wake kujishikilia. Huko Ulaya jambo hili lilipata nguvu baada ya Lis Hartel, mwanamke wa Denmark ambaye polio ilimwachia miguu dhaifu tangu 1944, kushinda medali ya fedha ya mashindano ya farasi katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Ya pili, ndiyo inayomhusu mwanao, ni ya nafsi. Hii mara nyingi mtoto hampandi farasi kabisa. Anamkaribia kwa miguu, anampiga brashi, anamwongoza kwa kamba, huku pembeni wapo watu wawili, mwanasaikolojia na mtu anayejua tabia za farasi.

Kwa nini farasi hasa? Kwa sababu ni mnyama anayewindwa. Maelfu ya miaka uhai wake umetegemea kusoma mwili wa kiumbe aliye jirani naye: pumzi zinakwendaje, mabega yamekaza au yamelegea, hatua ni za shari au za amani. Ukimwendea huku moyo unakudunda, masikio yanalala nyuma, anasogea kando. Ukishusha pumzi, ukalegeza mabega, anarudi na kukunusa. Mtoto aliyejeruhiwa na maneno ya watu hapo anapata jibu lisilo na maneno, tena palepale: nikitulia, kiumbe hiki kikubwa kinanisogelea. Anajifunza kwamba ule moto ulio ndani ya kifua chake unaweza kushushwa, na kwamba anayeushusha ni yeye. Mwanasaikolojia aliye pembeni hulichukua tukio hilo dogo na kulifanyia kazi. Akiondoka mwanasaikolojia, kinachobaki ni mchezo na farasi. Mchezo mzuri, lakini tiba siyo.

Ushahidi wake ni wa wastani. Mwaka 2015 kundi la Robin Gabriels kule Marekani lilifuatilia watoto na vijana 127 wenye usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na watu, kwa wiki kumi. Waliopanda farasi walipungua hasira na mhangaiko kuliko wenzao waliofundishwa habari za farasi bila farasi mwenyewe kuwapo. Hilo ni zuri, lakini ni usonji, wala si msiba. Mwaka mmoja kabla yake, Michael Anestis na wenzake walikuwa wamepitia tafiti za farasi kwa matatizo ya akili kwa jumla, wakakuta nyingi zina kasoro kubwa kiasi kwamba hazitoshi kuhalalisha tiba hiyo kutangazwa kama dawa. Mimi nasimama hapa: farasi anaweza kumfungulia mlango mtoto asiyetaka kuketi na daktari, lakini nyumba yenyewe bado inabidi ijengwe.

Sasa pima na safari. Kutoka Mtwara hadi Arusha kupitia Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Tiba hii ni ya wiki kwa wiki. Kwenda siku tatu, apande farasi mara mbili, apigwe picha na kurudi, hakutambadilisha mtoto, na wewe utakuwa umebaki bila mashine. Ikitokea siku moja mkajaliwa kufika huko, uliza kwanza: mwanasaikolojia ni nani, amesomea wapi, na kofia ya kumkinga mtoto ipo? Wakikuambia farasi mwenyewe ndiye daktari, shika njia urudi.

Na wala usijilaumu kwamba unaishi mahali pasipo na farasi. Huku kwetu kusini hawajawahi kupaweza. Mbung'o na magonjwa wanayoeneza wameua farasi, ng'ombe na nyumbu wengi katika nchi hii ya mto Ruvuma. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, aliposhuka hapo hapo kwenu Mikindani mwaka 1866, alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kuona kama watahimili mbung'o. Wengi wao hawakufika mbali. Mbuzi wa kienyeji ndiye aliyebaki na sisi.

Basi tumzungumzie huyo mbuzi, kwa sababu barua yako iliponifikisha kwake nilipumua. Mbuzi naye ni mnyama anayewindwa, naye husoma watu. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, Christian Nawroth na wenzake, walionyesha mwaka 2016 kwamba mbuzi akishindwa kufungua chombo chenye chakula humgeukia mtu aliye karibu na kumkazia macho, kana kwamba anaomba msaada. Wafugaji wanalijua hilo tangu enzi. Kwa mwanao, huyo ni kiumbe ambaye hamwambii "sema!", hamcheki, wala hajawahi kumdanganya. Na bibi amekupa habari ambayo daktari yeyote angefurahi kuipata: mtoto anamsemesha. Koo ni zima, ulimi ni mzima, sauti ipo. Kilichofungwa ni mlango wa kuitolea mbele za watu.

Kwa hiyo mwache aende kwa bibi mara kwa mara, lakini kwa mpangilio, mathalani kila Jumamosi. Mpeni kazi ya kweli: kumfungua mbuzi asubuhi, kumtafutia majani, kumnywesha, kuangalia kwato. Wewe au bibi muwe karibu, mkifanya kazi zenu chini ya mkorosho, msimkodolee macho. Mtoto huongea kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa hayatazamani. Ukimsikia anamsemesha mbuzi, usikimbilie kushangilia. Unaweza kumsemesha mbuzi huyohuyo na wewe: "Leo jua kali, eti?" Baada ya siku kadhaa maneno yataanza kupita kwa mbuzi yakija kwako. Hii ndiyo kazi wanayoifanya wenye farasi. Wajapani nao tangu 1982 wana utaratibu wa kuwapeleka watu msituni watulie, wanauita kuoga msitu. Kivuli cha mikorosho ya bibi kinatosha.

Jambo moja nakusihi sana. Mbuzi huyo asiuzwe, wala asichinjwe Idi, wala hitma, wala mgeni akija, bila kwanza kufikiria mtoto. Kuna familia nyingi ambazo hazikuwa na nia mbaya, mbuzi ni mbuzi, ila mtoto alirudi kutoka shuleni akakuta kamba tupu. Kwa mwanao ingekuwa ni mara ya pili kupendana na mtu na kuambiwa "amesafiri". Kama uwezo upo, mbuzi huyo awe wake rasmi, bibi atamke mbele yake. Na siku mbuzi akifa kwa maradhi, kwa sababu nao hufa, aambiwe ukweli siku hiyohiyo na ashiriki kumzika.

Hapo ndipo tunarudi kwenye lile nililoliahidi. Mlipomwambia baba amesafiri mlikuwa mnamhurumia. Najua. Katika msiba watu wazima wenyewe hawana maneno, na kumwondoa mtoto kwa shangazi huonekana ni kumkinga. Lakini mtoto wa miaka 8 anaelewa kifo. Mdogo wa miaka minne hudhani aliyekufa atarudi. Wa miaka minane anajua kwamba aliyekufa harudi. Sasa mtazame yeye: wakubwa wamesema baba yuko safarini, kisha watoto uwanjani wanasema baba yako amezama. Nani mkweli? Akiamini wenzake, mama yake ni mwongo. Akiamini mama, mbona watu wanalia? Maneno yakawa kitu cha hatari. Sishangai akaamua kuyaacha.

Kuna na ya mwili. Kiumbe akitishika ana njia tatu: kupigana, kukimbia, au kuganda kama sungura aliyemulikwa tochi. Mwanao ameganda. Anapoulizwa swali darasani, macho arobaini yakamgeukia, kengele ya hatari ndani ya kichwa inalia, koo linakaza, sauti haitoki. Wakikata tamaa wakamwacha, anapata nafuu ghafla. Ile nafuu inaufundisha mwili wake kwamba kunyamaza ndiko kulikomwokoa. Kesho yake ananyamaza mapema zaidi. Mwalimu anaita ukaidi, lakini mkaidi anaweza kusema ila hataki. Huyu anataka, ila hawezi. Fimbo hapa ni sawa na kuipigia makelele kengele ili inyamaze.

Na kusubiri asahau? Miezi minane ni mingi. Watoto wengi wafiwa hulia, hucheza, hulia tena, na baada ya miezi kadhaa hurudi katika hali yao bila mtaalamu. Wako amepoteza sauti, amerudi kukojoa kitandani, na hofu inamzidi. Mambo haya hayasahauliki, huzoeleka tu, na ubaya uko hapo.

Kwa hiyo fanya hivi, hata wiki hii. Chagua saa tulivu, nyumbani au shambani, asiwepo mgeni. Kaa ubavuni mwake. Sema kwa maneno mafupi, ya kweli: "Nataka kukwambia jambo ambalo nilipaswa kukwambia tangu mwanzo. Baba amekufa. Dau lilipinduka, maji yakamshinda. Hayuko safarini, na hatarudi. Nilikwambia amesafiri kwa sababu nilishindwa kusema. Nisamehe." Usiseme amelala, mtoto ataogopa usingizi. Kwamba Mwenyezi Mungu amemchukua, sema kama ndiyo imani yenu, lakini iwe baada ya neno "amekufa", isiwe badala yake. Kisha umwambie hili, hata kama hajauliza: "Si kosa lako. Hakuna ulichosema wala ulichofanya kilichosababisha." Watoto wa umri huu hubeba siri za ajabu. Mmoja hudhani baba alikufa kwa sababu asubuhi ile yeye aligoma kumletea kasia. Hatakwambia, lakini atakusikia.

Huenda asijibu kitu. Anaweza kuinuka akaenda kucheza. Usimfuate na maswali. Siku nyingine, akikubali, mpeleke kaburini, mwombe dua pamoja, mwonyeshe baba yupo wapi. Kama anapenda kuchora, mwachie makaratasi. Na fikiria pia kwamba ulipokuwa edani, ile miezi minne na siku kumi, huenda yeye aliona amepoteza baba na mama kwa mpigo. Hilo si lawama, dini imeelekeza na wewe umetimiza. Ni la kumweleza tu kwa nini ulikuwa huonekani kama zamani.

Kuhusu bahari, tahadhari. Siku hizi kila mtu anasema pwani hutuliza roho, na kwa wengi ni kweli. Kwa mwanao pwani ndilo jeraha lenyewe. Asije mjomba akambeba na kumtumbukiza majini "azoee". Nimeona watoto waliofanyiwa hivyo, hofu iliongezeka mara mbili. Lakini pia kumkwepesha bahari maisha yake yote, mtoto wa Mikindani, ni kuilisha hofu. Hofu hushuka kwa ngazi, tena ndogondogo: siku moja kuiona bahari kutoka mlimani akiwa na dada yake. Siku nyingine kukaa mbali kidogo, maji yakiwa yamekupwa na hakuna wimbi, mkaangalia kaa kwenye mikoko. Siku nyingine kugusa ngalawa iliyopandishwa nchi kavu. Kila ngazi akae mpaka hofu ianze kushuka yenyewe kabla hamjaondoka, na yeye ndiye wa kusema twende mbele au tuishie hapa, hata kwa kidole. Chagueni siku za maji mafu, bamvua bado. Ngazi hizi ni bora zaidi ukizipanga na mtaalamu, na zisianze kabla hajaambiwa ukweli.

Na jiandae: kusi liko njiani. Ukianza ule upepo, harufu yake na mvumo wake usiku, mwili wa mtoto utakumbuka kabla akili haijakumbuka. Anaweza kurudi nyuma mwezi wa sita na wa saba, akakojoa zaidi, akakataa kula. Mwambie mapema: "Upepo huu ndio uliovuma baba alipokufa. Ukikutisha, njoo kwangu." Wewe mwenyewe pia utatikiswa nao.

Sasa hospitali. Huyu mtoto nataka aonwe ana kwa ana, tena isipite mwezi huu. Anza kituo cha afya kwa vipimo vya kawaida: mkojo, maana kukojoa kitandani kunaweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo au kisukari, na kichocho huku pwani kipo, halafu masikio, kujua kama anasikia sawasawa. Kisha omba rufaa ya kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula au ile ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara. Walio Lindi wana Hospitali ya Mkoa ya Sokoine. Msamiati "afya ya akili" usikutishe, hakuna anayesema mwanao ni kichaa. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anaweza kukushika mkono, na simu ya mtoto 116 hupigwa bure.

Omba mahsusi tiba ya mazungumzo kwa mtoto aliyepatwa na kiwewe, inayomhusisha na mlezi. Hii ina ushahidi wa karibu na nyumbani kuliko farasi wote. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalihusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, nusu Moshi na nusu Bungoma, Kenya, na kila upande ulikuwa na eneo la mjini na la kijijini. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, si madaktari. Walikutana na watoto kwa makundi mara 12, na mara chache mmoja mmoja. Ilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki wazi upande wa Kenya, wakati huku kwetu makundi yote mawili yalikuwa yamefika karibu palepale. Nakupa yote, zuri na pungufu.

Usisubiri rufaa wala Jumatatu kama akisema au akiandika kwamba anataka kumfuata baba, akijiumiza, akigoma kula na kunywa, akianguka kifafa, au akinyamaza hata kwa dada yake na kwa mbuzi. Hapo ni siku hiyohiyo.

Mwalimu, nenda umwone ukiwa mpole, na umweleze hivi: asilazimishwe kujibu kwa sauti, aruhusiwe kuandika, kuonyesha kidole, kumnong'oneza rafiki akasema kwa niaba yake, na adhabu isiwepo. Majirani na jini lao, sitagombana nao. Kisomo na dua vinaweza kumtuliza mtoto na wewe pia. Mstari wangu ni mmoja: asipigwe, asichanjwe chale, asifukizwe moshi hadi akohoe, asifungiwe, na hospitali isiahirishwe.

Halafu wewe. Barua nzima umemtaja mtoto, na neno lako mwenyewe hakuna. Mtoto huyu anaazima utulivu wa mwili wako, kama ambavyo angeuazima wa farasi. Kama hulali, kama unalia peke yako jikoni, siku ile ya Ligula mwambie mhudumu akuandike na wewe kwenye daftari.

Mashine ya boti iache ilipo mpaka mtoto ajue kifo cha baba yake kutoka kwako. Ikibidi baadaye iuzwe kwa ajili ya ada au chakula, mwite kwanza, aiguse, umwambie inakwenda wapi na kwa nani.